MBWA JITU: MLINZI AU MZIGO WA NYUMBA?

Asubuhi ya Jumapili moja, kabla sijamaliza kunywa chai, shemeji yangu alibisha hodi. Yeye ni mke wa kaka yangu mkubwa, na si desturi yake kuja kwangu bila kutuma salamu kwanza. Alikataa hata kuketi.

"Shemeji," alisema, "njoo nyumbani ukazungumze na kaka yako. Jana mbwa wake kamwangusha mama mlangoni, na usiku kaingia jikoni kala kitoweo cha watu sita. Ama mbwa yule aondoke, ama mimi nirudi kwetu."

Mbwa aliyekuwa akishitakiwa alikuwa dume la Great Dane, umri wake miezi kumi na moja. Kaka alimpokea akiwa na wiki nane tu, mnyama mnene mwenye masikio makubwa na miguu mikubwa isiyolingana na mwili. Sababu ya kumchukua ilikuwa ya haki kabisa. Mwaka ule wezi walikuwa wameruka ukuta wa nyumba yake mara mbili. Mara ya kwanza walichukua nguo zilizoanikwa, na mara ya pili wakachukua mtungi wa gesi na baiskeli ya mtoto. Kaka hufanya kazi kiwandani, na kila wiki ya pili huwa na zamu ya usiku. Alikuwa akisimama mbele ya mashine huku moyo wake uko nyumbani. Basi mtu mmoja akamwambia kwamba ukiweka mbwa mkubwa sana, hata asipobweka, mwizi akimwona tu atageuza njia.

Maneno hayo yalikuwa nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwa sababu siku hizi katika miji yetu mbwa wa aina hizi wanazidi kuonekana, na wengi wanaowanunua ni watu wa kipato cha kawaida wenye hofu ileile aliyokuwa nayo kaka. Siandiki ili kumkataza mtu yeyote kufuga. Naandika ili baba, mama na watoto wakae pamoja, wahesabu, kisha waamue.

NI MBWA GANI HUYU?

Mbwa wetu wa mitaani, yule mwembamba mwenye rangi ya mchanga, aghalabu huwa na uzito wa kilo 15 hadi 20. Mbwa wa polisi tuliyemzoea, German Shepherd, dume lake huwa na kilo 30 hadi 40. Mbwa jitu ni yule anayepita kilo 45 hivi akiwa mtu mzima, na wengi wao hupita mbali kiwango hicho.

Great Dane, licha ya jina lake linalotaja Denmark, ni mbwa aliyelelewa Ujerumani, na asili yake ni kuwinda nguruwe mwitu. Kipimo kinachokubaliwa na vyama vya wafugaji ni kwamba dume asipungue sentimita 80 kutoka ardhini hadi mabegani. Uzito wake huwa kati ya kilo 50 na 80 au zaidi kidogo. Saint Bernard ametoka katika milima ya Uswisi, Mastiff ametoka Uingereza, na Boerboel ametoka Afrika Kusini, ambako wakulima walimfuga alinde mashamba. Huyu wa mwisho ndiye anayetafutwa sana katika miji yetu, na dume lake aghalabu hupita kilo 60.

Kwa mfano wa ukubwa wao, tarehe 4 Oktoba 2011 huko Michigan, Marekani, alipimwa Great Dane aliyeitwa Zeus. Alifika sentimita 111.8 mabegani, akaandikwa kuwa mbwa mrefu kuliko wote waliopata kupimwa. Akisimama kwa miguu ya nyuma alikuwa mrefu kuliko mtu yeyote wa kawaida. Lakini msomaji naomba aikumbuke habari ya pili ya Zeus, maana tutairudia: alikufa Septemba 2014, akiwa na umri wa miaka mitano tu.

WEMA WAO TUUSEME

Si haki kuanza na lawama. Wengi wa mbwa hawa, wakilelewa vizuri, ni watulivu kuliko mbwa wadogo. Hawana haja ya kubweka kila jani likianguka. Hupenda kulala karibu na watu wao, na huwa na subira na watoto wa nyumba.

Historia yao ina mifano ya kupendeza. Katika njia ya mlimani ya Great Saint Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, watawa walifuga mbwa wa kutafuta wasafiri waliopotea katika theluji. Mmoja wao, Barry, aliyeishi kuanzia mwaka 1800 hadi 1814, husemekana kuwa aliokoa watu zaidi ya 40, na mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Bern mpaka leo.

Hapa Afrika tunaye Great Dane aliyeitwa Just Nuisance. Aliishi Simon's Town, karibu na Cape Town, kati ya mabaharia wa Kiingereza. Alikuwa na mazoea ya kupanda treni pamoja nao bila tiketi, akijinyosha juu ya viti, mpaka wakuu wa reli wakatishia kwamba atauawa asipolipiwa nauli. Mabaharia walipolalamika, jeshi la wanamaji lilimwandikisha rasmi kama baharia, tarehe 25 Agosti 1939, ili apate haki ya kusafiri bure. Alipokufa tarehe 1 Aprili 1944 alizikwa kwa heshima za kijeshi, na sanamu yake ipo katika mji ule hadi sasa. Yeye naye alikuwa na miaka saba tu.

Kwa hiyo swali letu halihusu wema wa mbwa hawa. Tunajiuliza kama nyumba zetu zina uwezo wa kuupokea wema huo.

HESABU YA SUFURIA

Chukua kalamu na karatasi. Mbwa wa kilo 15 huhitaji takriban kalori 850 kwa siku. Mbwa wa kilo 60 huhitaji takriban kalori 2,400, yaani chakula cha mtu mzima mmoja afanyaye kazi. Ukimlisha chakula kikavu cha mbwa kinachouzwa madukani, atamaliza karibu gramu 700 kwa siku, au kilo 20 na zaidi kidogo kwa mwezi. Nenda dukani uulize bei ya kilo moja, uzidishe kwa 20, kisha uzidishe kwa 12. Jibu utakalopata liweke kando ya mshahara wako wa mwaka na ada za shule.

Wengi husema, "Tutampa ugali na makombo." Nyumba ya watu sita wanaohesabu vipande vya nyama haina makombo ya kumshibisha mbwa wa kilo 60. Ugali mtupu humjaza tumbo bila kumjenga mwili. Itabidi uongeze dagaa, utumbo, vichwa vya samaki au mayai, kila siku, mwezi baada ya mwezi, hata siku zile za katikati ya mwezi ambapo mfuko umekauka. Shemeji hakuwa akitia chumvi aliposema kwamba mbwa yule alikuwa mtoto wa tano katika nyumba yenye watoto wanne.

Tena gharama haziishii chakulani. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni dozi ileile kwa mbwa mkubwa na mdogo, na hapo pana nafuu. Lakini dawa nyingine hutolewa kwa uzito. Vidonge vingi vya minyoo ni kimoja kwa kila kilo 10: mbwa wa mtaani atameza kimoja na nusu, jitu atameza sita. Dawa ya kupe, dawa za kuua vijidudu na dawa ya usingizi wa upasuaji, zote hufuata mizani.

MIFUPA INAYOKIMBIZWA

Mtoto wa binadamu huzaliwa na kilo tatu hivi, akafikia kilo 60 baada ya miaka 18 au zaidi. Ameongezeka mara 20. Mtoto wa Great Dane huzaliwa akiwa na uzito usiofika kilo moja, na katika miezi 18 tu huweza kufika kilo 60. Mifupa inayokua kwa mbio namna hiyo huharibika kwa urahisi.

Hapa kaka alikosea kwa mapenzi. Alitaka mbwa akue upesi, akawa anamwongezea unga wa mifupa na maziwa katika kila mlo. Daktari wa mifugo alipomwona alisikitika. Alieleza kwamba mtoto wa mbwa jitu akilishwa kupita kiasi, hasa akiongezewa madini ya chokaa, mifupa na viungo vyake hukua vibaya, miguu hupinda na nyonga hulegea. Chakula kilichotengenezwa maalumu kwa watoto wa mbwa wakubwa hupunguza hatari hiyo, nacho ni ghali. Vilevile mbwa mchanga wa aina hii asikimbizwe masafa marefu wala kuruhusiwa kuruka ngazi na kuta mpaka mifupa yake ikomae, jambo linalochukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Anayetaka kununua asitazame kitoto peke yake. Aombe kumwona mama yake, na baba ikiwezekana. Atazame wanavyotembea na wanavyowapokea wageni. Muuzaji anayeficha wazazi wa mbwa, au anayetaka kukabidhi kitoto chenye wiki nne au tano kwa sababu ana haraka ya fedha, hafai kuaminiwa. Kitoto kikae na mama yake mpaka wiki nane angalau.

UA, KIVULI NA MNYORORO

Nyumba nyingi za wafanyakazi mijini ni za kupanga. Wapangaji wanne au watano hutumia ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya nguo. Mbwa wa kilo 60 katika ua kama huo hana pa kugeukia. Mkia wake peke yake huangusha vyombo vilivyoanikwa. Kinyesi chake ni kingi, na lazima kiondolewe kila siku, kwani huleta nzi na huweza kubeba mayai ya minyoo yanayowadhuru watoto wachezao mchangani. Na mwenye nyumba akikupa notisi, utampata wapi mwenye nyumba mwingine wa kukupokea na mnyama kama huyo?

Wapo wanaodhani dawa yake ni mnyororo. Mbwa anayefungwa mchana kutwa pahali pamoja huwa na wasiwasi, uchungu na hasira. Baadaye mnyororo ukikatika au mtoto akisogea karibu, maafa hutokea. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji atunze mnyama wake bila kumtesa, na kumfunga mbwa jitu kwenye mti maisha yake yote si kumtunza. Anahitaji ua uliozungushwa ukuta au seng'enge imara, banda lisilovuja lenye nafasi ya kugeuka, na matembezi mara mbili kwa siku.

Tusisahau joto. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema na kutoa ulimi, na njia hiyo hudhoofika hewa inapokuwa na unyevu mwingi, kama ilivyo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa katika miezi ya Januari na Februari. Mwili mkubwa huhifadhi joto zaidi kuliko mdogo. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 maisha yake yamo hatarini. Saint Bernard, mwenye manyoya yaliyoumbwa kwa ajili ya theluji, kumfuga pwani ni kumwadhibu. Watu wa Arusha, Mbeya, Iringa au Nairobi wana nafuu. Aishiye pwani na aking'ang'ania kufuga jitu, achague mwenye manyoya mafupi, ampe kivuli na maji mengi, na amtembeze kabla ya jua kuchomoza na baada ya kutua.

WATOTO, WAZEE NA JIRANI

Mama yetu hakuumwa na mbwa. Mbwa alifurahi kumwona anarudi kutoka sokoni, akamwinukia kumsalimu. Kwa furaha hiyo mama alianguka kwenye kizingiti, mkono ukateguka. Hivyo ndivyo ajali nyingi za mbwa hawa zinavyotokea: mnyama mwema asiyejua uzito wake. Kwa hiyo mafunzo ni ya lazima, tena yaanze akiwa na wiki nane, si akiwa na kilo 50. Afundishwe kukaa anapoambiwa, kutowarukia watu, kutembea bila kuvuta kamba, na kuachia kitu kilichomo mdomoni. Mwanafamilia yeyote asiyeweza kumzuia kwa neno asimtoe nje, maana kwa nguvu hatamweza. Mtoto mdogo asiachwe na mbwa peke yake hata dakika moja, hata kama mbwa huyo ni mpole kama kondoo.

Jirani nao wana haki zao. Katika miji ya pwani jirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini hiyo hairuhusu dhuluma kwa mbwa, na inakubali mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo. Lakini mbwa anayepita ua wa watu na kugusa nguo za sala au ndoo ya maji humtia jirani taabu ya kweli. Yafaa kwenda kuzungumza naye kabla ya kununua mbwa, si baada ya ugomvi kufika kwa mjumbe.

Juu ya yote kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza hapana tiba. Chanjo ya mbwa hutolewa afikapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

USIKU WA JUMAMOSI

Baada ya mazungumzo ya Jumapili ile, kaka alirekebisha mambo mengi. Alijenga uzio mdogo wa kumtenga mbwa na mlango wa jikoni, akaanza kumfundisha, na kila alfajiri alimtembeza kabla ya kwenda kazini. Mbwa akatulia. Mama akamzoea, akawa hata anamtengea vichwa vya samaki. Miaka miwili ikapita, na mwizi hakuonekana tena.

Usiku mmoja wa Jumamosi, kiasi cha saa tatu, mbwa alishiba mlo wake mmoja mkubwa wa siku, akanywa maji mengi, akazunguka ua akicheza na watoto. Baada ya saa moja alianza kuhangaika. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Alijaribu kutapika lakini hapakutoka kitu ila povu la mate. Tumbo lilijaa likawa gumu, ukiligonga linalia kama ngoma.

Hali hiyo ndiyo adui mkubwa wa mbwa wenye vifua virefu, na Great Dane ndiye wa kwanza katika orodha. Tumbo hujaa gesi, kisha hujisokota lenyewe kama kitambaa kinachokamuliwa. Damu hukosa njia. Hapo hapana dawa ya kunywesha. Anahitaji kufunguliwa tumbo na daktari katika saa chache tu, la sivyo atakufa.

Kaka hakujua hayo. Alidhani ni gesi ya kawaida, akangoja. Ilipofika saa sita za usiku ndipo alipotafuta gari. Bodaboda haibebi mbwa wa kilo 58, na mwenye bajaji alipomwona alikataa. Jirani mwema aliamka akatoa gari lake la mizigo, wakambeba watu wanne katika shuka. Daktari wa mifugo waliyempata alifungua mlango kwa moyo mkunjufu, lakini hakuwa na vifaa vya upasuaji wa namna ile. Alimpunguzia gesi kwa sindano, akapiga simu huku na huku. Kabla ya adhana ya alfajiri mbwa alikuwa amekufa.

Alikuwa na miaka mitatu hivi. Watoto walilia wiki nzima, na kaka, ambaye sikuwa nimemwona akitoa machozi tangu baba alipofariki, aligeuza uso ukutani.

Naeleza habari hii ili wengine wajue alichokosa kujua. Mbwa jitu apewe chakula mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, wala si mlo mmoja mkubwa. Asikimbie wala kucheza muda mfupi kabla na baada ya kula. Anayekula kwa pupa awekewe chombo kitakachompunguzia mbio. Daktari mwenye vifaa anaweza, mbwa anapohasiwa, kulishona tumbo kwenye ukuta wa mwili ili lisijisokote. Na kabla ya kununua mbwa, uliza: daktari gani katika mji huu anaweza kufanya upasuaji huo usiku, na mbwa atafikishwaje kwake? Kama hakuna jibu, jibu hilo nalo ni jibu.

UMRI WAO MFUPI

Hata mbwa jitu aliyeepuka balaa hiyo hakai sana. Mbwa wetu wa kawaida akitunzwa huweza kufika miaka 12 na kuzidi. Great Dane huishi miaka 7 hadi 10. Utafiti wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kila nyongeza ya kilo mbili za uzito huenda na upungufu wa takriban mwezi mmoja wa maisha. Mwili mkubwa huzeeka upesi. Moyo hupanuka na kudhoofika, nyonga huuma, na saratani ya mifupa huwapata zaidi. Na mbwa wa kilo 60 asiyeweza kuinuka huhitaji mtu wa kumwinua. Familia ijiandae kwa uzee huo mapema.

KUPANGA NI KUCHAGUA

Je, hapana anayefaa kufuga mbwa hawa? Wapo. Nina rafiki Arusha mwenye ekari mbili za migomba na kahawa, ukuta kamili, na kijana anayeshinda nyumbani. Ana Boerboel wawili. Nilikaa kwake siku tatu nikawastaajabia: wanatii kwa neno moja, manyoya yanang'aa, wajukuu wanawategemea kama mito. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Rafiki yangu huamka saa kumi na moja alfajiri, mvua au jua, kuwatembeza. Ana daftari la chanjo na dawa. Hula nyama mara chache kuliko mbwa wake, na anasema hivyo bila kulalamika. Yeye alipima, akachagua.

Kwa wengi wetu tunaoishi katika vyumba viwili na ua wa pamoja, kipimo hicho kitatuelekeza kwingine. Kinachomfukuza mwizi zaidi ni kelele na mwanga kuliko meno. Mbwa wetu wa kawaida ana masikio makali, hubweka upesi, hula kidogo, huvumilia joto letu na magonjwa mengi ya hapa, na ukimpa chanjo na mapenzi atakulinda miaka kumi na zaidi.

Basi kabla ya kutoa fedha, familia ikae mezani ijiulize maswali haya, na kila mmoja ajibu kwa kweli:

1. Je, tunaweza kulisha mtu mzima mmoja zaidi kila siku kwa miaka minane, hata mwezi ukiwa mgumu?

2. Je, ua ni wetu, una ukuta na kivuli, au mwenye nyumba ameridhia kwa maandishi?

3. Ni nani hasa atakayemtembeza na kumfundisha kila siku? Atajwe kwa jina.

4. Je, bibi, babu na mtoto mdogo watakuwa salama akiwarukia kwa furaha?

5. Jirani wamesemaje?

6. Daktari yuko wapi, na gari la kumfikisha mbwa usiku li wapi?

7. Tunamtaka kwa ulinzi, au tunamtaka ili watu watuone?

Penye swali moja lisilojibika, subirini. Swali la saba ndilo gumu kuliko yote, na wengi hulijibu kwa kuangalia chini.

Kaka naye alijibu maswali hayo, kwa kuchelewa. Leo ukienda kwake utakuta amepandisha ukuta matofali matatu, ameweka taa mlangoni, na yeye na jirani zake wanapokezana ulinzi wa mtaa. Uani yumo mbwa jike mwenye rangi ya mchanga, wa kilo 17, aliyeokotwa sokoni akiwa mdogo na kupata chanjo zake zote. Nilipomtembelea mara ya mwisho alianza kunibwekea tangu nikiwa kwenye kona ya barabara. Mama, aliyekuwa akichambua mchele barazani, alimnyamazisha kwa neno moja tu, akanikaribisha ndani.